Maganda Mawili Yenye Chapa Moja

Gari la mahabusu lilikuwa limekwisha kupita lango la nyuma, Dell Hoskin akiwa ndani, pingu mikononi na shati lake la kanisani mwilini, Loren Weidner alipotoka nje na kikombe chake cha kahawa. Lilikuwa gari dogo jeupe, lakini vumbi lake lilikuwa kubwa. Lilishika barabara ya changarawe kwenda kusini, kwenye mji wenye mahakama, na upepo wa Machi ukalichukua lile vumbi ukalimwaga juu ya ngano changa ng'ambo ya uzio.

Loren ndiye aliyekuwa mpelelezi wa ofisi ya sherifu, Kaunti ya Purvis, na hapakuwa na mwingine. Mashariki ile ya Colorado ina ng'ombe wengi kuliko watu, na mpelelezi mmoja huwatosha. Kesi ya Dell ndiyo iliyokuwa kubwa kupita zote alizowahi kushika. Leo, baada ya chakula cha mchana, Dell angesimama mbele ya jaji akiri kwamba alimpiga risasi jirani yake Eldon Krause akamwua, na kwa kukiri huko angepata miaka kumi na minane badala ya maisha. Sahihi zilikwisha kutiwa. Kilichobaki ni jaji aulize, Dell ajibu ndiyo.

Ushahidi ulikuwa huu. Septemba iliyopita Eldon alikutwa amekufa korongoni, pale malisho yake yanapopakana na ya Hoskin. Risasi iliingia chini ya kwapa ikatokea upande wa pili, ikapotelea nyikani. Juu ya kilima, kwenye mdomo wa shimo la nyegere, Loren aliokota ganda moja tupu la risasi, na kitakoni mwake lilikuwa na chapa ya 223, yaani kipimo chake. Dell alikuwa na bunduki ya 223, ile ya kujikoki yenyewe, aliyoiunda gerejini kwake. Dell na Eldon walitukanana mbele ya watu kwa sababu ya fahali aliyevunja uzio. Na Dell mwenyewe alikubali kwamba alasiri ile alikuwa amelewa, akapiga mbweha kutoka upande uleule. Alipiga mara ngapi na wapi, hakumbuki.

"Umekuja kuhakikisha kaondoka?"

Twyla Hoskin, mke wa Dell, alikuwa ameketi kwenye bampa ya pikapu yao, sanduku la kadibodi mapajani.

"Twyla. Nilidhani umetangulia. Watakuruhusu ukae nyuma yake kule."

"Nitakwenda. Nilitaka vitu vyake kwanza. Pochi, buti, mkanda. Mkanda mmenipa wa mtu mwingine, lakini haidhuru, huko anakokwenda hawavai."

"Pole, Twyla."

"Pole yako inywee kahawa." Akafunga sanduku. "Nina swali moja, halafu nakuachia siku yako. Nani aliirekebisha ile bunduki?"

"Bunduki gani?"

"Loren, wewe! Ya Dell. Wakili alituonyesha ile video yenu ya majaribio. Wewe na vizibo vyako masikioni, unafyatua, na bunduki inatema maganda kama mtu anayetafuna mbegu za alizeti. Dell aliitazama mpaka mwisho, akaomba aitazame tena. Kisha akaniambia, 'Ona, Twyla, inafanya kazi. Basi ni mimi.' Siku ya pili yake akaomba ile karatasi ya kukiri."

Loren alishusha kikombe. "Kwani ilikuwa na shida gani?"

"Mimi na bunduki wapi na wapi. Ninachojua, tangu mwanzo wa kiangazi ilikuwa akifyatua moja, ganda halitoki. Anatukana, anashuka kwenye gari na ufito wa kusafishia mtutu, anausukuma kutoka mbele, anagonga mpaka ganda lianguke. Kila risasi! Ufito wenyewe aliufunga kwenye kioo cha gari kwa kamba ya marobota. Jamaa pale kwenye mizani ya ngano walimtania, eti Dell karudi kwenye vita vya mababu, bado kidogo atavaa kofia yenye manyoya." Hakucheka. "Alikwambia. Siku ile ya kwanza alikwambia."

Ni kweli alimwambia. *Hata hiyo bunduki yenyewe mbovu, Loren.* Na Loren alimjibu kwamba kila aliyewahi kukaa kwenye kiti kile bunduki yake ilikuwa mbovu, na gari lake lilikuwa limeishiwa mafuta.

"Nenda mahakamani," alisema. "Nenda sasa hivi. Mwambie wakili wake asimwache Dell aseme ndiyo. Aombe maji, aombe kwenda chooni, azimie akiweza."

"Kwa nini?"

"Endesha gari, Twyla."

Alimtazama kwa muda, kama mtu anayempima ng'ombe mnadani. Kisha akaingia kwenye pikapu, akaondoka hata mlango haujafungika sawasawa.

*

Chumba cha vielelezo kilikuwa nyuma ya jiko la mahabusu, chenye meza moja, taa ya kuvuta na jiriwa la kubania vyuma lililofungwa kwenye kona. Katika jiriwa lile ndimo Loren alimoibana bunduki ya Dell mwezi wa kumi, siku ya majaribio, na alipoufunga mlango alikumbuka kila kitu bila kujilazimisha.

Alifyatua mara moja. Ganda likakwama. Akavuta mkono wa kukoki, komeo likarudi tupu. Akalitoa komeo akalitazama kwenye mwanga, akaona ule ukucha mdogo unaoshika ganda na kulivuta nje umevunjika ncha. Ni kitu kidogo kuliko mbegu ya boga. Hapo hakufikiri hata kidogo. Kaunti ile kila mwanamume, na wanawake wasiopungua nusu, ana bunduki aliyoiunda mwenyewe, mtutu kutoka huku, kitako kutoka kule, na kila mmoja ana droo ya springi, skrubu na kucha za akiba. Mtu akisikia ya mwenzake inakwama, hali akashiba mpaka ajue kisa. Wakikutana mazishini watazungumzia mvua kidogo, kisha mmoja atauliza, "Ile yako bado inagoma?" Loren alikwenda nyumbani, ng'ambo ya barabara tu, akafungua droo yake, akarudi na ukucha mpya. Aliuweka kama mpita njia anavyolifunga lango la malisho alilolikuta wazi. Bunduki ikaimba. Akaita mtu wa kamera.

Hakuandika popote. Haikumjia kwamba kuna jambo la kuandika.

Alivaa glavu, akakata lakiri, akatoa mifuko mitatu. Wa kwanza ulikuwa na lile ganda la kilimani. Wa pili ulikuwa na maganda ya majaribio. Wa tatu ulikuwa na takataka za sakafuni mwa pikapu ya Dell ambazo hakuna aliyezijali: risiti, skrubu, na maganda manne ya zamani. Aliyapanga juu ya kitambaa cheupe, vitako juu. Yote 223. Akachukua kioo cha kukuzia.

Maganda ya majaribio yalikuwa na mkwaruzo ukingoni, pale ukucha unaposhika. La kilimani lilikuwa nao pia. Yale manne ya pikapu hayakuwa na kitu. Kingo zake zilikuwa safi kama sahani iliyooshwa; yalitolewa kwa ufito, si kwa ukucha.

"Weidner."

Sherifu Bonita Ruyle alikuwa amesimama mlangoni, mkononi ana mkate uliojazwa kabichi na nyama, umeng'atwa mara moja.

"Naomba uniambie kwa nini umekata lakiri ya kesi inayofungwa leo."

"Kaa chini, Mkuu."

"Nikikaa nitajua ni mbaya. Niambie nimesimama."

Akamwambia. Bonita alisikiliza mpaka mwisho, na ule mkate ukashuka taratibu mpaka usawa wa paja.

"Umetoa kifaa kwenye droo yako," alisema, "ukakitia kwenye kielelezo."

"Ndiyo."

"Kisha ukakirekodi."

"Ndiyo, Mkuu."

"Loren, wewe ni mjinga wa aina gani?"

"Wa aina ya hapa hapa."

Bonita alifunga mlango kwa kisigino. "Sawa. Tusikimbilie mbali. Ukucha ungeweza kuvunjika baada ya kumpiga Eldon. Dell ni mlevi, huenda aliigonga bunduki mahali. Neno la tangu kiangazi ni la mke wake, na mke atasema chochote. Ganda bado ni 223, na bunduki ni 223. Au sivyo?"

Kusema kweli Loren naye alikuwa ameshikilia hapohapo. Kama ukucha ulivunjika baadaye, basi alitengeneza kitu kilichokuwa kizima siku ya kosa, na lawama yake ingekuwa ya karatasi tu. Aligeuza maganda, midomo ikatazama juu, akayasogeza mawili karibu: la kilimani na moja la majaribio. Urefu mmoja. Mabega mamoja. Mtu angeyachanganya mfukoni asiweze tena kuyatenganisha.

"Ulilipima?" aliuliza Bonita.

"Nilisoma chapa. Kila mtu husoma chapa. Maabara ya jimbo ingelipima, lakini foleni yao ni ya mwaka mzima, na mtu akishakiri hawahangaiki tena."

Alikwenda kwenye gari lake akarudi na vikopo viwili. Loren, kama wengine, alijitengenezea risasi zake mwenyewe, kwa hiyo vichwa vitupu vya risasi havikukosekana chini ya kiti. Alichukua kichwa cha 223, chembamba, akakidondosha kwenye mdomo wa ganda la majaribio. Kiliingia kwa kubana kidogo, kikasimama wima. Akachukua kingine akakidondosha kwenye ganda la kilimani. Kilipita moja kwa moja mpaka chini, kikalia *tiki*.

Bonita alisogea.

"Rudia."

Akarudia. *Tiki.*

Kopo la pili lilikuwa la vichwa vya milimita sita, vya bunduki yake ya kulungu. Alijaribu kimoja kwenye ganda la majaribio, kikakaa juu ya mdomo kama kifuniko kikubwa kwenye chupa ndogo, kikagoma. Akakichukua kilekile akakitia kwenye ganda la kilimani. Kiliteleza kikaingia, kikasimama sawasawa, kana kwamba kimerudi nyumbani.

"Hii si 223," alisema.

"Imeandikwa 223."

"Ilizaliwa 223. Kuna mtu ameupanua mdomo ili ibebe risasi nene zaidi. Sheria ya kuwinda swala na kulungu haikubali risasi nyembamba kuliko milimita sita. Sasa mtu anayependa kibunduki chake chepesi anabadili mtutu tu. Komeo lilelile, magazini ileile, maganda yaleyale, mdomo unatanuliwa kwa mkono kwenye mashine ya mezani. Kitako cha ganda hakibadiliki. Chapa inabaki ya kiwandani." Alikitoa kichwa taratibu. "Bunduki ya Dell haiwezi kufyatua hii. Risasi nene haiingii, komeo halifungi. Hata iwe na kucha kumi."

Bonita aliweka mkate wake juu ya kabati. "Wangapi wanafanya hivyo kaunti hii?"

Loren alifunga lile kopo. Majira ya baridi mawili yaliyopita alikuwa amesimama kwenye gereji fulani yenye jiko la kuni, akishika jiriwa wakati mtu mwingine akikaza mtutu mpya, wote wawili wakicheka kwamba sasa swala watahitaji kuandika wosia.

"Mmoja ninayemjua. Mtutu niliukaza naye."

"Nani?"

"Mzee Arden."

Hapo ndipo Bonita alipokaa. Arden Fritzler alikuwa mwalimu wa ufundi katika sekondari ya pale tangu nywele zake zilipokuwa nyekundu. Aliwafundisha wote wawili kuchomelea vyuma. Alibeba jeneza la Eldon, upande wa kichwa.

"Yeye ndiye aliyenishika mkono nilipoungua," Bonita alisema. Kisha akajifuta uso kwa kiganja, akawa sherifu tena. "Sikiliza. Nitapiga simu mahakamani sasa hivi. Ganda hili peke yake linamtoa Dell. Unanielewa? Peke yake. Ya ukucha..." Akatazama lile jiriwa. "Nikisema ya ukucha, mawakili wa wote uliowapeleka ndani watakuwa mlangoni kabla ya Pasaka. Kila kesi yako itafunguliwa. Yule aliyechoma ghala la akina Schlagel atatoka. Nawe utaondoka hapa ukiwa umebeba kikombe chako cha kahawa tu, basi."

"Najua."

"Sikuambii udanganye. Nakuuliza kama kuna ulazima."

Loren aliyarudisha maganda kwenye mifuko, moja moja, kila moja kwenye wake. "Dell hakukiri kwa sababu ya ganda," alisema. "Alikiri kwa sababu aliiona bunduki yake ikifanya kazi. Asipoambiwa kwa nini ilifanya kazi, ataendelea kuamini."

"Kwa hiyo?"

"Waambie yote mawili."

Bonita alinyanyua simu. Loren alimsubiri mpaka alipomsikia akitaja jina la jaji, kisha akatoka.

*

Milango ya gereji ya Arden ilikuwa wazi kwenye jua, redio inasoma bei za ngano. Mzee alikuwa kwenye meza yake, amevaa aproni ya ngozi, mkono mmoja kwenye wenzo wa ile mashine ndogo, anapanua midomo ya maganda. Anatia ganda, anashusha wenzo, anapandisha, anatoa, anapuliza. Hakugeuka.

"Ukiwa umekuja kuazima kitu, kirudishe safari hii."

"Sikuja kuazima, Mzee."

"Basi kaa. Kuna kahawa, mbaya lakini moto." Sasa akageuka, akamtazama Loren usoni, kisha akatazama mikono yake, ambayo haikuwa imebeba chochote. Alizima redio.

"Naomba kuiona ile ya milimita sita," Loren alisema.

"Inakusumbua nini?"

"Naomba tu kuiona."

Arden aliishusha kutoka ukutani, akavuta komeo kuhakikisha ni tupu, akaiweka mezani mtutu ukitazama ukuta, kama alivyowafundisha watoto wa watu miaka nenda miaka rudi. Loren hakuigusa. Aliokota ganda moja lililokwisha kutumika kwenye beseni, akaligeuza kwenye mwanga. 223. Ukingoni mkwaruzo, mwembamba, umeinama kidogo kushoto. Alikuwa ameutazama mwenzake muda si mrefu. Akatoa kichwa cha milimita sita mfukoni, akakidondosha mdomoni mwa ganda. Kiliteleza.

"Maganda yako, Mzee, huwa unayaokota?"

"Swali gani hilo? Wewe huyaokoti? Natumia jioni nzima kuyapanua, kuyakata, kuyang'arisha, halafu niyaachie nyegere?"

Neno *nyegere* lilipomtoka, lilibaki pale mezani kati yao. Arden alivua miwani.

"Umelipata," alisema.

"Nililipata Septemba. Sikujua nimepata nini mpaka leo. Mzee Arden, lazima nikwambie, una haki ya kunyamaza, na kila utakalosema—"

"Nimenyamaza tangu Septemba, mwanangu. Nimechoka nako."

"Una haki ya wakili."

"Wakili wa kumwambia nini?" Alikaa kwenye kigoda chake. "Nilikuwa napima shabaha kwa ajili ya msimu wa swala. Juu pale kilimani. Nikatundika karatasi kwenye nguzo ya uzio, nikapiga, nikaokota, nikapiga, nikaokota. Mbweha akatoka korongoni, anakimbia na ukingo wake. Nikamfuata, nikafyatua mara moja. Akaendelea kukimbia. Nikasema, umezeeka, Arden."

"Eldon ulimwona?"

"Naapa kwa Mungu, sikumwona. Lazima alikuwa amekaa chini kwenye kivuli. Gari lake lilikuwa ng'ambo ya kilima." Alikunja miwani, akaikunjua. "Nikaanza kutafuta ganda. Lilirukia vichakani. Hilo lilikuwa zuri, la kopo jipya. Nikapiga magoti nikapapasa."

"Muda gani?"

"Mpaka magoti yakaniuma. Na wakati natafuta..." Nje mbwa alijikuna, mnyororo ukalia. "Wakati natafuta nilisikia kama ndama anakohoa kule chini. Eldon ana ndama, nikasema, huyo kaingiwa na vumbi mapafuni, nimpigie Eldon simu jioni nimwambie. Nikaendelea kutafuta ganda."

Loren aliangalia sakafu. Daktari wa maiti alikuwa ameandika kwamba Eldon hakufa papo hapo.

"Nilimpigia kweli," Arden alisema. "Hakupokea."

"Daktari alisema aliishi—"

"Usiniambie ni kiasi gani."

Loren aliliweka lile ganda mezani.

"Kesho yake nilipopata habari nilijua. Nilivaa kofia nije kwako. Nilikuwa hapo mlangoni, kofia kichwani, redio ikasema umemkamata Dell. Bunduki ya 223, walisema, na ugomvi wa fahali. Nikasema, Loren anajua kazi yake. Nilimfundisha mimi, hakosei vipimo. Kama Loren anasema ni Dell, basi huenda yangu ilikwenda kwingine, na yule alikuwa ndama kweli." Alimtazama. "Nilikuamini, unaona. Ilinifaa kukuamini."

"Hata Dell aliniamini."

"Dell yuko wapi leo?"

"Mahakamani. Anakiri."

Arden alisimama haraka kuliko umri wake, akafungua mafundo ya aproni. "Sasa tunakaa hapa tunafanya nini? Twende!"

"Sherifu amekwisha kupiga simu."

"Na kama haikupokelewa?" Alikuwa amefika mlangoni. "Gari lako au langu?"

"Langu, Mzee."

"Pingu?"

"Sikuja nazo."

"Hilo nalo ni kosa," mwalimu alisema, akatangulia kwenda garini, akaketi kiti cha nyuma bila kuambiwa.

*

Simu ilipokelewa. Wakili wa Dell alikuwa ameomba maji mara mbili na nafasi ya kwenda chooni mara moja, na jaji alikuwa ameanza kukasirika, karani alipoingia na kumnong'oneza. Jaji alikataa kupokea maelezo ya kukiri. Dell alisimama akasema kwamba, samahani mheshimiwa, yeye yuko tayari, ni yeye aliyefanya. Wakili alimvuta shati. Dell akasema tena vilevile.

Maabara ya jimbo ililifanyia kazi lile ganda ndani ya wiki chache, kwa kuwa sasa magazeti yalikuwa yanauliza. Lilitoka kwenye bunduki ya Arden Fritzler.

Arden alikiri kuua kwa uzembe. Alipewa mwaka mmoja katika mahabusu ya kaunti, na marufuku ya kumiliki silaha maisha yake yote. Kifungo chake alikimaliza. Mkewe alihamia kwa binti yao Nebraska, naye akamfuata alipotoka. Alifariki huko majira ya baridi yaliyofuata, kwa moyo.

Bonita Ruyle alishindwa uchaguzi. Sherifu mpya ameweka kufuli mbili kwenye chumba cha vielelezo.

Loren Weidner alijiuzulu kabla ya kuombwa. Kesi zake nne zilifunguliwa upya. Mbili zilisimama, moja bado inasubiri, na aliyechoma ghala la akina Schlagel aliachiwa. Kwa sasa Loren anapima malori kwenye ghala la ngano. Bunduki zake aliziuza, na ile droo aliimwaga kwenye pipa la chuma chakavu. Watu wakimwuliza kwa nini ya fulani inagoma, husema hajui.

Ardhi ya Eldon Krause imekodishwa na watu wa kaunti nyingine. Hawafugi, wanalima mtama.

Twyla anapika katika shule ya msingi.

Dell alirudi nyumbani mwezi wa tano. Hanywi tena. Alieleweshwa habari ya ukucha na habari ya maganda, akaletewa vyote viwili avijaribu kwa mkono wake mwenyewe, akaona. Ukimwuliza kama alimpiga Eldon, atasema hapana, halafu atakutazama usoni kuona kama umeamini.